Nani Atakayetuvingirishia Jiwe? Salamu za Pasaka kwa Wakristo wa Tabora

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli.

Salamu hizi ziwafikie ninyi mliokesha makanisani Tabora mjini, mlioko Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, Nzega na Igunga, na ninyi ambao Pasaka imewakuta mkichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku au mkiamia ndege kwenye majaruba ya mpunga. Msijione mmekosa sikukuu. Wanawake wa kwanza kuisikia habari ya ufufuko nao walikuwa kazini.

Itazameni kazi yao kwa karibu, katika Marko 16. Sabato ilipokwisha walinunua manukato. Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma wakashika njia ya kaburini, na njiani wakawa wanaulizana, "Ni nani atakayetuvingirishia lile jiwe?" Jiwe lilikuwa kubwa mno, na hawakuwa na mtu wa kuwasaidia. Hata hivyo hawakugeuza njia. Walipoinua macho, wakakuta limekwisha kuvingirishwa. Manukato yale hayakutumika kabisa. Jiwe halikuondolewa ili kuwalipa gharama ya manukato, wala halikungoja wao wafike. Hata wangelala nyumbani, lingeondolewa. Ila wangelala, wasingekuwapo pale kuambiwa, "Amefufuka, hayupo hapa."

Sasa wekeni habari hiyo kando ya ile ya Lazaro, Yohana 11. Pale Yesu aliwaagiza watu waliondoe jiwe wao wenyewe, na Lazaro alipotoka akawaagiza tena wamfungue sanda. Kumwita mfu atoke kaburini ilikuwa kazi yake peke yake. Kwa hiyo yapo mawe tuliyoagizwa kuyaondoa, na yapo tusiyoyaweza. Wengi wetu tunadumaa kiroho kwa kuyachanganya: mtu anahangaika miaka mingi kujifufua mwenyewe, huku jiwe alilopewa yeye aliondoe, kama deni la jirani au kinyongo na shemeji, liko palepale mlangoni.

Kanisa limelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Pelagio, mwalimu wa karne ya tano, alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kuzishika amri kwa nguvu ya hiari yake. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, akampinga kwa uwezo wake wote, na mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago walikataa hata wazo kwamba neema inatusaidia tu kufanya kwa urahisi zaidi yale ambayo tungeyaweza bila hiyo. Sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, ya Orange, Ufaransa, mwaka 529, ikaongeza kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kumwelekea Mungu, ni zawadi yake. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani, si kwa stahili yetu, na kwamba tunapokea Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Katika mkoa wenye Wakatoliki, Wamoraviani, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wanaoishi nyumba kwa nyumba, ni vizuri tujue kwamba hapa hatuko mbali kama tunavyodhani.

Wafuga nyuki wetu wanaweza kutusaidia kuelewa. Mtu anachonga mzinga wa gogo, anaupaka nta kwa ndani ili unukie, anautundika mtini penye kivuli, si mbali na maji, kisha anafyeka chini moto usipite. Akimaliza yote hayo, mzinga bado ni mtupu. Nyuki hawaswagwi, wanakuja wenyewe, na mizinga mingine iliyotundikwa vizuri hukaa msimu mzima bila kundi. Lakini aliyeiacha mizinga yake imelala uani asilaumu msitu kwamba hauna nyuki. Mfano huu una mpaka wake, na mpaka huo ni wa maana: nyuki hawamfundishi mtu kuchonga mzinga, bali Mungu hutenda kazi ndani yetu hata "kutaka kwetu na kutenda kwetu" (Wafilipi 2:13). Jasho letu nalo limetoka kwake. Ndiyo maana katika 1 Wakorintho 15, sura ileile ya ufufuko, Paulo anasema alifanya kazi kupita mitume wote, na papo hapo anaongeza: wala si mimi, bali neema ya Mungu pamoja nami.

Turudi kwetu. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukitoa Jumapili zinabaki 40 za mfungo. Wengi walifunga, wakasali njia ya msalaba, wakaacha pombe. Jumatatu ya Pasaka yote yanaanguka kwa pamoja, na kufikia juma la pili mtu yuko palepale alipokuwa kabla ya majivu. Sababu kubwa, kwa maoni yetu, si ulegevu. Mtu aliihesabu Kwaresima kama deni analomlipa Mungu, na deni likiisha malipo hukoma. Kumbe baada ya Pasaka kuna siku 50 hadi Pentekoste, ndefu kuliko mfungo wenyewe, nazo zina nidhamu yake. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni ya 20, uliagiza kwamba Jumapili na siku zote hizi 50 watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Furaha nayo hufanyiwa mazoezi.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya jambo lolote, omba neema ya siku hiyo kwa maneno machache, kwa sauti, kabla hujashika simu. Soma Matendo ya Mitume: sura 28, nusu sura kwa siku na sura nzima kila Jumapili, ukianza siku ya Pasaka utamaliza siku moja kabla ya Pentekoste. Dakika 15 zinatosha, na zifunge kwenye kazi ambayo tayari unaifanya kila siku, kama kungoja chai ichemke. Anayekesha banini asome kila baada ya kuongeza kuni. Usiku hauna kelele. Kosa la kawaida ni kuanza na saa nzima kwa moto wa mkesha. Siku ya nne mwili unakataa, na mtu anajiona amemwasi Mungu. Ukikosa siku moja, usiilipe kesho yake. Endelea na sehemu ya leo. Anayelimbikiza madeni ya sala hukimbia kabisa, kama mteja anayepita njia ya nyuma ili asionekane dukani.

Kuhusu dhambi inayojirudia, kiapo peke yake hakitoshi. Chukueni msimu huu wenyewe: malipo ya tumbaku yako mbele, na kila mwaka kuna nyumba ambazo fedha zinaingia asubuhi na ugomvi unaingia jioni. Kuomba nguvu ukiwa tayari umekaa kilabuni ni kuomba kwa kuchelewa. Omba wiki mbili kabla. Panga na mkeo mapema ada ya shule ni kiasi gani, mbolea kiasi gani, sadaka kiasi gani, mkaandike kwenye daftari moja. Siku ya malipo nendeni wote wawili, mrudi kwa njia isiyopita kilabuni. Mwambie mtu mmoja anayeheshimika, padre, mchungaji au mzee wa kanisa, siku na saa unayoiogopa, na umruhusu akupigie simu. Hayo ndiyo mawe yako. Kiu ile yenyewe kuna siku utaikuta imepungua bila kujua ilipungua lini, na hapo umshukuru aliyeiondoa, usijisifu kwa daftari.

Na anayesema anasubiri Roho amguse ndipo aanze, tunamwambia kwa upendo: wanafunzi waliambiwa wangoje Yerusalemu, na kungoja kwao kulikuwa kudumu katika kusali (Matendo 1:14).

Kama ulianguka katikati ya Kwaresima na unaona aibu kuja kanisani, njoo Jumapili hii. Siku hizi 50 ni zako pia, hakuna atakayekudai za nyuma. Ukipita kwa jirani mgonjwa au kwa mjane aliyekula sikukuu peke yake, mfikishie salamu zetu pamoja na sahani ya chakula.

Heri ya Pasaka kwenu nyote.