Usiifute hiyo kompyuta

Swahiba wangu,

Ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi. Kwamba unaacha kazi nimelipokea. Umevumilia mengi pale. Kilichonitia hofu ni ule mstari wa mwisho, kwamba kabla ya kuirudisha kompyuta ya kazini utafuta kila kitu, isibaki hata herufi. Nakusihi, usithubutu.

Najua kazi ile umeitolea jasho. Lakini ukifika mahakamani hawaulizi tu nani aliandika faili, wanauliza lilikuwa mali ya nani. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 2006 ambayo siisahau. Mfanyakazi alikabidhiwa kompyuta ya kukusanyia taarifa za majengo ambayo kampuni ilitaka kuyanunua. Alipoamua kuondoka akajitegemee, kampuni ilidai, aliisafisha kabla ya kuirudisha, tena kwa programu maalumu inayoandika juu ya data ya zamani isipatikane tena. Nakala nyingine kampuni haikuwa nayo. Akajitetea kwamba mkataba wenyewe ulimruhusu kurudisha au kuharibu taarifa za siri anapoondoka. Jaji Richard Posner hakushawishika: ruhusa hiyo haikuelekea kuhusu data ambayo mfanyakazi anajua mwajiri hana nakala yake. Mahakama ya rufaa ikaifufua kesi iliyokuwa imetupwa, na sheria iliyotumika ni ile ile ya kuwabana wadukuzi. Hebu fikiria, mtu na kompyuta aliyopewa na mwajiri wake!

Baadaye majaji wengine wa huko walipingana naye juu ya lini ruhusa ya mfanyakazi kuitumia kompyuta ya mwajiri inakoma, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaipunguza makali sheria hiyo. Usijifariji kwa hilo. Mwajiri bado anaweza kukushtaki kwa kuvunja mkataba au kumharibia mali.

Halafu kuna hili, ndilo linaloniuma zaidi. Wewe unawadai malipo ya saa za ziada. Barua pepe za meneja za saa nne usiku ziko wapi kama si humo humo? Ukifuta, unateketeza ushahidi wako mwenyewe, na wao watasema ulikuwa na jambo la kuficha. Mahakama ikiridhika kwamba ulifuta makusudi ili kuficha ushahidi, inaweza kuchukulia kwamba kilichofutwa kilikuwa dhidi yako. Na programu za kufutia nazo mara nyingi huacha alama: iliwekwa lini, iliendeshwa saa ngapi. Mtaalamu wa kompyuta huziona.

Wala usinakili faili za kazini kwenye flashi kimyakimya. Hilo nalo lina kesi zake. Picha za mwanao na nyaraka zako binafsi, omba kwa maandishi uzichukue mbele ya mtu wa kompyuta. Siku ya kukabidhi, dai karatasi yenye sahihi na tarehe. Kuhusu zile barua pepe, muone wakili wa mambo ya kazi kabla siku yako ya mwisho haijafika.

Nitakuwa na simu mkononi usiku kucha. Nipigie kabla hujaiwasha hiyo kompyuta.

Wako daima