Viboko havitibu ADHD

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto wenye ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza mawazo, kukaa kitako au kujizuia kabla ya kutenda. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na wanaochapwa kila mara ni wale wale: anayeacha hesabu katikati kwa sababu mwenzake ameangusha penseli, na anayejibu swali kabla halijaisha. Wasichana wengi wenye hali hii hawasumbui. Hutazama dirishani kimya, wakaitwa wazito, na hakuna anayeshtuka.

Hali hii aghalabu hurithiwa, wala haisababishwi na malezi mabaya. Daktari huithibitisha kwa dalili zilizoanza kabla ya miaka 12 na zinazoonekana nyumbani na shuleni pia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, matibabu huanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza. Kwa mkubwa zaidi, dawa kama methilifenideti huweza kumsaidia, ilimradi daktari afuatilie usingizi, uzito na mapigo ya moyo wake.

Naiomba Wizara ya Elimu iliingize somo hili katika vyuo vya ualimu, na walimu wenzangu wamkalishe mtoto huyo mbele, wampe kazi fupi fupi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro