Kwa nini Septrin imbabue yeye na si jirani

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini Septrin, dawa ya kuua bakteria wanayomeza wengi bila shida, imembabua mdogo wako hivyo. Dawa haikuwa feki, hakuzidishiwa dozi, na hakuna aliyemroga.

Juu ya seli zetu kuna protini za utambulisho tunazorithi kwa wazazi. Kwa watu wachache dawa hujibandika hapo, na kinga ya mwili ikadhani seli ya ngozi ni adui, ikaiua. Ngozi ya juu huachana na ya chini, yakatoka malengelenge, kisha ikabanduka. Dozi ya kawaida kabisa hutosha. Wenye VVU wako hatarini zaidi: thiasetazoni, dawa ya zamani ya kifua kikuu, iliwababua wengi wao Kenya, ndipo ithambutoli ikachukua nafasi yake.

Kinga huchukua muda kujipanga, hivyo shambulio huja mara nyingi kati ya siku ya 4 na ya 28. Hapo ndipo watu hupotea. Mtu amemeza wiki mbili salama, anapata homa, koo na macho yanauma, anadhani ni mafua na kuendelea na dozi. Vipele vya kuwasha tu havitishi sana. Ngozi ikiuma yenyewe, au vidonda vikitoka mdomoni, machoni au sehemu za siri, dawa iachwe papo hapo na hospitali iwe siku hiyo hiyo.

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Ikibanduka chini ya asilimia 10, ugonjwa huu huitwa Stevens-Johnson; ikipita asilimia 30, takriban mmoja kati ya watatu hufariki.

Msimpake asali wala dawa ya meno, na msitumbue malengelenge. Dai daktari wa macho hata kama anaona vizuri, maana kope zinaweza kugandana na jicho.

Kwenye kadi yake iandikwe "kotrimoksazoli", jina halisi la dawa hiyo, si Septrin pekee, kwani huuzwa kwa majina mengi. SP, dawa ya malaria, pia asiiguse: kama Septrin, ina salfa, tena inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Akipata malaria, atumie dawa mseto. Wakitaka kumzoesha Septrin kidogo kidogo, kataeni. Hiyo ni kwa waliopata vipele vyepesi tu. Nawe, kwa kuwa ni ndugu wa damu, mweleze daktari yaliyompata mdogo wako kabla ya kuandikiwa salfa au dawa ya kifafa.

Wako,
Rehema