Anayeacha ukurasa mtupu kwenye Hisabati si mvivu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na walimu wenzetu na wazazi kuhusu mwanafunzi anayeitwa mvivu wa Hisabati. Ananakili swali kwa mwandiko mzuri, anapiga mstari chini yake, kisha anaweka kalamu. Ukimsogelea, anafuta hata kile kidogo alichoandika, na mara nyingi kilikuwa sahihi. Mtume dukani nusu kilo ya sukari kisha robo nyingine, atakuambia papo hapo zimekuwa robo tatu. Mwandikie 1/2 + 1/4 ubaoni, atasema hajui.

Anajua. Kilichomtoka ni imani kwamba akifanya jambo, matokeo yatabadilika. Wanasaikolojia wanaiita hali hiyo unyonge uliofunzwa, na chimbuko la jina hilo ni majaribio ya mbwa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waligawa mbwa 24 katika makundi matatu. Wanane walipigwa shoti za umeme ambazo waliweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wanane wengine walipata shoti zilezile kwa muda uleule, ila kibao chao hakikuzima chochote. Wanane wa mwisho hawakuguswa. Baadaye wote waliwekwa kwenye boksi ambamo shoti ilikwepeka kwa kuruka kizuizi kifupi. Sita kati ya wanane wa kundi la pili walikaa palepale wakavumilia, ingawa maumivu waliyoyapata mwanzo yalilingana na ya kundi la kwanza. Walichotofautiana ni kibao.

Sasa vitazame viboko vya matokeo. Shule inatangaza kuwa aliyepata chini ya 30 atachapwa. Mwanafunzi aliyetoka alama 8 akajituma hadi 24 anachapwa sawasawa na aliyebaki na 8. Kibao chake hakizimi kitu. Akipitishwa hapo mihula mitatu, kuweka kalamu chini ni uamuzi wenye akili kabisa, na sisi ndio tumemfundisha. Tunaomba kwa dhati desturi hii ikome.

Mwaka 2016 Maier na Seligman walilitazama upya jambo lao, safari hii wakiwa na ushahidi wa ndani ya ubongo, wakakiri kwamba mwanzo walikuwa wamelishika kinyume. Kunyong'onyea mbele ya mateso yasiyokwisha ni hali ya asili ya ubongo. Kinachohitaji kufunzwa ni kwamba "nikitenda, kitu kinabadilika". Kwa mwalimu hii ni habari kubwa. Kumwondolea mtoto maswali magumu hakutamponya. Lazima akusanye ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanasaikolojia Carol Dweck alilipima hilo mwaka 1975 kwa watoto 12 waliokuwa wamekata tamaa na hesabu. Nusu yao walipewa maswali wanayoyaweza tu. Nusu nyingine walipewa ya namna hiyo pia, lakini yakichanganywa na machache ya kukosa, na kila walipokosa waliambiwa kuwa juhudi haikutosha. Baada ya siku 25, kundi la kwanza lilipokutana na swali gumu liliporomoka kama zamani. La pili liliendelea kupambana.

Lakini msitoke hapo mkaandika "ongeza bidii" kwenye ripoti. Maneno hayo hayamwambii mtoto afanye nini kesho saa mbili asubuhi. Anza kwa kutafuta alipokatikia. Mpe maswali 10 yasiyo na alama wala saa: mawili ya kuzidisha namba nzima, mawili ya sehemu zenye asili (namba ya chini) moja, mawili ya asili tofauti, mawili ya namba hasi, mawili ya mabano. Usijumlishe alama. Angalia tu ni jozi ipi imeachwa tupu, kwa kuwa hapo ndipo pa kuanzia, hata kama darasa limefika kwenye logi. Tusheni nyingi hushindwa kwa sababu zinaanza na mada ya wiki hii.

Kisha dakika 20 kila siku ya shule, maswali manane: matano anayoyaweza, mawili ya kufikirisha, moja ambalo huenda akalikosa. Yale ya kufikirisha yaandikwe yakiwa nusu yamefanywa. Chukua 2/3 + 1/4. Siku ya kwanza mwalimu anaandika KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 12, anaandika 8/12 + 3/12, na mtoto anamalizia 11/12. Siku inayofuata mwalimu anaishia kwenye KDS. Baadaye anaacha swali tupu. Kwa kuanza na mstari wa mwisho, mtoto anafika kwenye jibu tangu siku ya kwanza.

Akiandika 3/7, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa la kila shule. Usilikate kwa wino mwekundu. Muulize: ulianza na 2/3, ambayo inazidi nusu, ukaongeza kitu; mbona umebaki na kisichofika nusu? Mtoto anayeweza kulikamata kosa lake bila mwalimu amepata kibao kinachozima. Na unaposahihisha, taja hatua: "hapa hukutafuta asili ya pamoja". "Hesabu hii imekuzidi" inamrudisha alikotoka. Hata "una akili sana" ina madhara, kwa maana siku akikosa atahitimisha kuwa akili hizo zimekwisha.

Daftari likirudi baada ya wiki mbili, mtoto hakumbuki tena alifanya nini, na uhusiano wa tendo na tokeo umekufa. Tunajua darasa lina wanafunzi 80. Njia iandikwe ubaoni siku ileile, kila mmoja ajisahihishe kwa penseli na azungushie duara mstari wa kwanza ulioharibika. Mwalimu akusanye madaftari 10 kwa siku. Kwa siku nane za shule atakuwa amemfikia kila mmoja.

Katika shule za serikali hapa Tanzania kuna jingine. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia kidato cha kwanza na kukuta kiasi (namba ya juu ya sehemu), asili, mabano na namba hasi vyote vimebadilishwa majina kuwa ya Kiingereza. Anachokijua kinaonekana ghafla hakifanyi kazi. Maneno 30 ya hesabu kwa lugha zote mbili, yaliyobandikwa nyuma ya daftari wiki ya kwanza, yanaziba sehemu kubwa ya pengo hilo.

Wazazi, acheni kumwambia mtoto "hata mimi hesabu zilinishinda". Anasikia kuwa ni ya ukoo. Wala msimfanyie kazi ya nyumbani. Mwambieni awaonyeshe mstari wenye duara na aeleze kilichoharibika, hata kama nanyi hamuelewi; kueleza ndiyo kazi yenyewe.

Msikate tamaa wiki ya kwanza, maana siku 25 za shule ni wiki tano kamili. Zikiisha na ukurasa ukawa bado mtupu, mpelekeni akapimwe macho na masikio, na muulizeni kama anakula chochote kabla ya kipindi cha asubuhi.

Walimu wa Hisabati,
Morogoro