Zawadi ya Safari kwa Mtoto: Tuanze na Njia Atakayopita

Shule zinapokaribia kufungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, wateja wengi wanaoingia katika duka letu hapa katikati ya jiji la Arusha huwa na ombi linalofanana: wanatafuta zawadi yenye mambo ya safari kwa ajili ya mtoto. Wengine ni wazazi wanaompeleka mtoto hifadhini kwa mara ya kwanza, wengine ni shangazi na wajomba wanaojiandaa kupanda Marangu, Machame au Rombo kula sikukuu na familia na hawataki kufika mikono mitupu, na wapo bibi na babu wanaomtumia mjukuu aliyezaliwa ng'ambo kitu cha kumwonyesha nyumbani kwao. Mteja akituuliza tuna nini kwa mtoto wa miaka sita, nasi humwuliza kwanza: "Mama, mtoto anakwenda wapi, na anasafiri kwa usafiri gani?" Wapo wanaoshangazwa na swali hilo, kwa hiyo tumeona ni vyema tueleze kwa maandishi sababu ya kuliuliza.

Umri ulioandikwa kwenye boksi unahusu zaidi usalama wa mtoto na ugumu wa mchezo wenyewe. Hauelezi kama kitu hicho kitakuwa na kazi yoyote katika safari anayokwenda mtoto huyo. Kwa maoni yetu, zawadi ya safari inayofaa ni ile inayomfanya mtoto atazame kilichopo nje ya dirisha, akitambue, na akirudi nyumbani aweze kuwasimulia wenzake. Picha ya ndege au ya tembo iliyochapwa juu ya kikombe haitoshi kuifanya iwe zawadi ya safari.

Tuanze na wanyama, kwa kuwa ndiko upotoshaji ulikojaa. Seti nyingi za wanyama wa plastiki zinazouzwa kama wanyama wa safari huwa na simbamarara ndani yake, na baadhi huwa na dubu au kangaruu. Simbamarara ni mnyama wa Asia, na hakuna hata mmoja anayeishi porini Serengeti, Ngorongoro wala mahali pengine popote barani Afrika. Mtu mzima hulipuuza jambo hilo, lakini mtoto wa miaka minne anaweza kukaa dirishani siku nzima akimsubiri mnyama ambaye hatatokea, kisha jioni akalalamika kwamba hakuonyeshwa wanyama wote. Tunapopokea seti za namna hiyo, huwatoa wanyama hao na kuwauza kando kama wanyama wa dunia, na seti inayobaki ndiyo tunayompa anayekwenda mbugani.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni madaftari ya kuweka alama, yale yenye picha za wanyama ambazo mtoto hutia tiki kila anapomwona mmoja wao. Ni zawadi nzuri sana kwa mtoto wa miaka mitano hadi kumi, lakini inafaa tu ikiwa orodha inalingana na mahali anapokwenda, na ndiyo maana sisi tunatengeneza kurasa tofauti kwa kila hifadhi. Mtoto anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa siku moja atawaona twiga na nyati, na ana nafasi nzuri ya kuwaona mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu ya miti, na pengine flamingo katika maziwa ya Momella. Simba si mnyama wa kutarajiwa huko, na kumwekea simba juu ya ukurasa ni kumwandalia huzuni bure. Ngorongoro mambo hugeuka: anaposhuka ndani ya kreta, chini ya kuta zenye kimo cha takribani mita 600, ataweza kuwatafuta simba, viboko na hata faru weusi, lakini twiga hatawaona, kwa kuwa hawaishi chini ya kreta ile. Sababu inayotajwa zaidi ni ukali wa kuta hizo pamoja na uchache wa miti wanayoitegemea kwa chakula. Tarangire ni pa tembo na mibuyu, na mbuyu nao tumeuwekea nafasi yake ya kutiwa tiki, kwa sababu mtoto aliyewahi kuona shina lake kwa karibu hulikumbuka kwa muda mrefu.

Kuhusu Serengeti, tunawaomba wazazi wawe makini na picha moja inayopendwa mno, ile ya nyumbu wakivuka Mto Mara huku mamba wakiwanyemelea. Uvukaji huo hutokea kaskazini mwa hifadhi, kwa kawaida kati ya Julai na Oktoba. Desemba makundi hayo huwa yanaelekea nyanda za kusini, upande wa Ndutu, ambako huzaa kwa wingi mwezi Februari. Mtoto anayesafiri katika likizo ya Krismasi akipewa ramani ya vipande vya kuunganisha yenye picha ya mto na mamba, mweleze mapema kwamba hiyo ni habari ya msimu mwingine, au mchukulie ile yenye nyumbu wakiwa nyikani.

Ramani na matufe ya dunia ni bidhaa nyingine ambazo mteja anapaswa kuzikagua mwenyewe kabla ya kulipa, na sisi humfungulia boksi bila kinyongo. Ramani ya zamani huonekana mpya ikifungwa vizuri kwenye nailoni. Kwa ramani ya Tanzania, angalia kwanza Babati: ikiwa imewekwa ndani ya Mkoa wa Arusha, ramani hiyo ilichorwa kabla ya Mkoa wa Manyara kuanzishwa mwaka 2002. Kisha tafuta Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, mikoa iliyoanzishwa mwaka 2012, na umalizie na Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Leo nchi ina mikoa 31, yaani 26 ya Tanzania Bara na 5 ya Zanzibar, na mtoto aliyeko darasani anajifunza idadi hiyo. Kwa tufe au ramani ya Afrika, majina mawili yanatosha kukupa jibu: Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, na Eswatini, ambayo ikiwa bado imeandikwa Swaziland basi ramani ni ya kabla ya mwaka 2018 au imenakiliwa kutoka kwenye ramani ya kabla ya hapo. Hatusemi kwamba ramani ya zamani haina thamani, kwani kwa mtu mzima anayependa historia ni kitu cha kufurahisha, lakini kumpa mtoto ramani ambayo mwalimu wake ataikosoa mbele ya wenzake hatukuoni kuwa ni jambo jema.

Darubini ndiyo zawadi inayoulizwa kuliko zote, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbaya. Juu ya darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x21. Namba ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu huonekana kimekuzwa, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wateja wengi huamini kwamba namba ya kwanza ikiwa kubwa zaidi ndiyo bora zaidi, lakini kwa mtoto ni kinyume, kwa sababu kila mtetemo mdogo wa mkono nao hukuzwa, na mtoto anayeshika darubini ya ukuzaji wa 12 hawezi kumtuliza mnyama ndani ya duara. Sita au nane inamtosha. Baada ya hapo tunamwomba asimame mlangoni na kuelekeza darubini kwenye kibao cha duka la upande wa pili wa barabara. Herufi zikiwa na kingo zenye rangi za upinde wa mvua, au zikionekana mbili mbili hata baada ya kurekebisha, lenzi hazifai na macho yatamuuma baada ya dakika chache. Mirija miwili ikunjwe taratibu mpaka aone duara moja badala ya mawili, na hapa ndipo wazazi wanaponunua bila mtoto hukwama: uso wa mtu mzima ni mpana, kwa hiyo darubini inayomkaa baba vizuri inaweza isikunjike vya kutosha kuyafikia macho ya mtoto wa miaka sita. Tafadhali mlete mtoto mwenyewe inapowezekana. Tunamwambia pia, mbele ya mzazi wake, kwamba asiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, kwa kuwa lenzi hukusanya mwanga na kuweza kuliharibu jicho moja kwa moja.

Si kila safari ni ya mbugani. Watoto wengi wa Arusha na Moshi safari yao kubwa ya mwaka ni ya basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, na zawadi inayowafaa hao ni tofauti kabisa. Vitabu vya kupaka rangi hununuliwa sana kwa safari hiyo, nasi huwashauri wateja waviweke kwa ajili ya kufika. Mtoto akiinamia kitabu ndani ya basi, macho yake humwambia kwamba ametulia huku sikio la ndani likihisi mwendo na kona, na mgongano huo ndio huleta kichefuchefu. Badala yake tunauza ukanda mrefu wa karatasi ngumu uliochorwa barabara yenyewe, kutoka Arusha kupitia Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi, Himo, Mwanga, Same, Mombo na Korogwe hadi Segera na kuendelea, ambao mtoto huutia alama moja tu ya penseli kila anapopita mahali fulani kisha akarudisha macho nje. Tunashauri akatiwe kiti cha dirishani upande wa kushoto wakati wa kwenda, kwa sababu Meru, Kilimanjaro, Milima ya Upare na ile ya Usambara yote hufuatana upande huo, na wakati wa kurudi akae kulia. Ukanda huo una pia mashamba ya mkonge na daraja la Mto Pangani pale Korogwe. Bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote tunachokiuza, na hatuoni haya kusema kwamba tunaupenda kuliko vyote.

Kwa anayekwenda kutembea milimani, kama vile kwenye maporomoko ya Materuni, chukua filimbi yenye kamba na begi dogo la mgongoni. Mtoto afundishwe kwamba akipoteana na wenzake asimame palepale na kupuliza mara tatu, kisha apumzike na kurudia. Kuhusu begi, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto au zaidi kidogo ya hapo. Mtoto wa kilo 20 basi abebe kama kilo mbili, na ikumbukwe kwamba lita moja ya maji pekee ni kilo moja.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu hatuna mjadala mrefu. Bangili na shanga za Kimaasai ni nzuri, lakini uzi ukikatika shanga huingia mdomoni, kwa hiyo hatuziuzi kwa ajili ya umri huo. Wanyama wa mbao tunaowapendekeza kwao ni wale wasiopakwa rangi, kwa kuwa baadhi ya rangi za mafuta huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto na ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wanyama walioshonwa kwa kitenge nao wanafaa, mradi macho yao yametariziwa na si vifungo. Jambo zito zaidi ni vitu vya kuchezea vyenye taa au sauti vinavyotumia betri ndogo za kitufe: betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili. Hatuuzi chochote chenye betri hizo ambacho kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, na mzazi anayeshuku kwamba mtoto amemeza betri ampeleke hospitali papo hapo bila kusubiri dalili.

Wanaotuma zawadi ng'ambo nao wana mambo yao. Mkuki, rungu na upinde, hata vikiwa vidogo vya kuchezea, visiwekwe kwenye begi la mkononi, kwani wakaguzi wa uwanja wa ndege watavichukua. Viwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa. Vitu vya mbao vinavyokwenda Australia au New Zealand lazima vitangazwe kwenye fomu ya kuingilia, na vikikutwa na magome au matundu ya wadudu vinaweza kuzuiwa, kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kinyago kinaelekea huko tunamchagulia mteja kile kilicholainishwa vizuri pande zote. Pembe, meno, ngozi na magamba ya kasa hatuviuzi kwa mtu yeyote.

Ukija dukani, au ukimtuma mtu, tunaomba mje na mambo manne yaliyoandikwa: umri wa mtoto, hifadhi au njia atakayopita, siku ya kuondoka, na kama anavaa miwani. Kurasa za daftari tunazifunga siku hiyohiyo kwa hifadhi mliyoitaja, na mkibadilisha ratiba kabla ya kuondoka mzirudishe, tutawabadilishia bila malipo. Darubini tunaipokea irudishwe ndani ya wiki moja ikiwa haikumkaa mtoto, mradi lenzi hazijakwaruzwa.