Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzinga wa Gatwick

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi naeleza kazi ya mafunzo, ambayo mwaka huu ilihusu jengo moja tu: jengo la zamani la abiria la uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, Uingereza, lililozinduliwa tarehe 6 Juni 1936. Waingereza huliita Mzinga wa Nyuki. Asitafute mtu gogo la kutundikwa mtini. Mzinga wao wa kale ni wa majani yaliyosukwa, mpana chini, mwembamba juu.

Wazo la duara ni la Morris Jackaman, aliyeununua uwanja mwaka 1933; michoro ni ya wasanifu majengo Hoar, Marlow na Lovett. Fremu ni ya zege lenye nondo. Vyumba vimepangwa pete ndani ya pete, na mnara wa kuongozea ndege umekaa kwenye kitovu. Kwenye jengo lililonyooka ndege hubanana upande mmoja. Hapa ndege 6 ziliweza kulizunguka kwa pamoja, kila moja ikaja na kuondoka bila kuzibia nyingine njia.

Kilichotushughulisha zaidi ni vile vibaraza vya turubai. Vilikuwa vipande vinavyoingiana, vikitembea juu ya reli: ndege ikishasimama, kibaraza hurefushwa mpaka mlangoni pake. Kutoka stesheni, abiria walipita njia ya chini ya ardhi ya mita kama 120. Aliyepanda treni stesheni ya Victoria, London, aliingia ndegeni bila kuguswa na tone la mvua.

Mvua ikalipiza uwanjani. Ndege zilitua kwenye nyasi, chini ni udongo wa mfinyanzi, na Mto Mole uko jirani. Maji yalikosa pa kwenda. Februari 1937 shirika la ndege la British Airways Ltd (lile la zamani, si hili la leo) likahamia uwanja wa Croydon. Hapo jengo halina lawama. Kasoro yake ni kwamba duara halirefuki: ukitaka lango la saba, huongezi chumba pembeni, unabomoa pete ya nje. Gatwick mpya ya 1958 ilijengwa kaskazini zaidi, na gati lililonyooka (ukumbi mrefu ambao ndege huegeshwa kandokando yake), ila stesheni ikabaki kuungana na jengo.

Tangu 1996 Mzinga unalindwa kisheria, daraja la II* (la pili kwa juu kwa majengo ya kihistoria Uingereza), na sasa ni ofisi. Mtakaokwenda, uko nje ya uzio wa uwanja wa leo, upande wa kusini. Pigeni picha kwa mbali. Ukiukaribia ukuta, pete ya nje huficha mnara.

Mwenyekiti