Shoga, hiyo masta swichi usinunue kwanza

Tabata, Dar

Mama Nasra shoga yangu,

Salama lakini? Nasra hajambo, shemeji je? Sisi huku tupo, mvua ndo inatukomesha, nguo nimefua toka majuzi bado zinanuka ubichi. Vois noti yako nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kumfokea Nasra atoke kwenye tope, nikacheka mwenyewe gerejini watu wakanishangaa. Nimeona nikuandikie kabisa maana haya mambo kwa simu utasahau nusu.

Kwanza kabla hujatoa hata mia, hiyo masta swichi ya gari lako fundi aliyokwambia ubadilishe, ile ya mlango wa dereva yenye vitufe vya vioo vyote na loku, usinunue. Simsemi vibaya fundi wako wa huko Kigamboni, anaweza kuwa sahihi, lakini dalili ulizonitajia mimi naziona nyingine. Kioo cha dereva asubuhi kinashuka alafu kupanda hakitaki, jua likishakolea kinakubali, na usiku loku zinajipiga zenyewe hadi shemeji anatoka na panga akidhani wezi. Hiyo ni habari ya maji shoga. Swichi ikishachoka kweli mara nyingi inagoma saa yoyote, haisubiri umande. Kitu kinachogoma alfajiri na kupona mchana kina unyevu ndani, ukikauka kinafanya kazi, ukirudi kinagoma tena. Sasa ukifunga swichi mpya kwenye soketi ileile inayolowa, yaani kile kichwa cha plastiki kinachounganisha waya na swichi, masika hii hii utaniandikia tena na hela uliyopeleka kwenye maduka ya spea Gerezani imeshaenda.

Kuna kitu kimoja lazima ukielewe, ukikielewa hiki hata fundi hatakudanganya. Mlango wa gari umetengenezwa maji yaingie. Usishtuke. Kioo kinapanda na kushuka kwahiyo pale juu lazima pawe na upenyo, ile raba ndefu inayolamba kioo kwa nje inapunguza tu maji, haizibi, mvua ikipiga yanatiririka na kioo yanaingia tumboni mwa mlango, yanashuka mpaka chini kabisa alafu yanatokea kwenye matundu madogo yaliyopo ukingo wa chini. Ndo walivyolipanga toka kiwandani, yako, yangu, la bosi wako, yote hivohivo. Kwahiyo anayekwambia atauziba mlango maji yasiingie kabisa muache aende. Unachotaka ni maji yakishaingia yatoke upesi, na vile vitu vya umeme visivyotakiwa kulowa vikae upande mkavu.

Maana mlango una pande mbili ndani yake. Kuna upande wa maji, ule wa kwenye bati la nje ambako kioo kinapita, na kuna upande mkavu ulioko nyuma ya kava lile unaloegemeza kiwiko. Mota ya loku na mara nyingi mota ya kioo pia zinakaa upande wa maji, na spika mgongo wake unaangalia hukohuko, kwahiyo hizo mota zimefungwa vizuri na soketi zake nyingi zina kiraba ndani cha kuzuia maji. Lakini masta swichi na soketi zake ziko upande mkavu, na soketi za upande mkavu mara nyingi hazina raba yoyote, ziko wazi, zinategemea kitu kimoja tu, ile nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango nyuma ya kava.

Na hiyo nailoni ndo mafundi wetu wanaidharau kupita maelezo! Ananyofua kava, anakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata mikono, anaichana apate njia, akimaliza anasema hii takataka tu anaitupa au anaibandika kipande na tepu ya umeme ambayo kwa joto la Dar wiki haiishi ishabanduka. Wewe si ulifungiwa spika mpya pale kabla hujahamia Kigamboni? Mimi naanzia hapo. Naweka dau la chipsi mayai kwamba ukifungua hilo kava utakuta nailoni haipo au inaning'inia.

Dalili nyingine ya kuikagua bila kufungua chochote, pitisha mkono kwenye kapeti upande wa dereva, pale karibu na kizingiti cha mlango. Ukikuta panalowa baada ya mvua na gari halijapita kwenye dimbwi, maji yanatoka mlangoni, yanapita nyuma ya kava yanamwagikia ndani badala ya kutokea chini. Alafu funga mlango taratibu usikilize, ukisikia maji yanacheza ndani, matundu ya chini yameziba. Hapo unapaki chini ya mkungu si ndio? Majani yanaoza yanaingia kwenye upenyo wa kioo, yanachanganyika na vumbi na mchanga, yanafanya uji mzito unaoziba vitundu. Chuchumaa uangalie chini ya ukingo wa mlango, utaviona, kwa kawaida viwili au vitatu, vichokonoe na kitu laini cha plastiki, usitumie bisibisi ukakwangua rangi maana kutu itaanzia hapohapo. Baadae chukua jagi mwagia maji kwenye kioo kikiwa kimefungwa, yakichuruzika chini vizuri umemaliza hiyo.

Kwanini nakukazania sana wewe kuliko mtu wa Tabata, ni kwa sababu uko baharini. Maji ya mvua peke yake hayapitishi umeme sana, lakini yakichanganyika na chumvi ya upepo wa bahari na vumbi, yanapitisha vizuri tu. Na soketi ya mlangoni kuna pini ina umeme wa betri muda wote hata gari ukiwa umezima umelala. Unyevu wenye chumvi ukikaa kati ya hiyo pini na jirani yake, umeme unavuja kidogokidogo usiku kucha, na ile pini ya chanya inaliwa, shaba inageuka unga wa kijani. Ndo maana ukifungua soketi iliyooza hukuti pini zote zimeharibika sawa, ile ya moto ndo imeisha kabisa. Na huo umeme unaovuja ndo unaoipa loku amri za uongo saa nane usiku, na ukiachia hivohivo utaanza kukuta betri haina nguvu asubuhi na utaambiwa ununue betri.

Sasa kufungua. Nitakuja mwenyewe lakini kama shemeji atashikwa na hamu, mwambie atoe taminali ya hasi ya betri kwanza na asubiri dakika kadhaa, baadhi ya magari yana vitu vya eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, mlangoni, na soketi yoyote ya njano asiiguse na testa hata kidogo. Skrubu za kava zinajificha, moja nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine chini ya kiganja cha kuvutia mlango, zimefunikwa na vifuniko vidogo. Zilizobaki ni klipu za plastiki, zinavutwa taratibu pembeni ya klipu yenyewe, si katikati ya kava, zitakatika na kava litakuwa linapiga kelele kila mkipita kwenye matuta.

Soketi akiichomoa aangalie. Ikiwa na kijani kidogo inasafishika, kuna spreyi maalumu ya kusafishia kontakti, ipulize, sugua na mswaki laini, acha ikauke kabisa, alafu paka grisi ya silikoni kidogo, nasema kidogo, kwenye raba na kuzunguka pini. Asitumie grisi ya beringi, ile ya mafuta inavimbisha raba. Na ile spreyi ya WD-40 ambayo kila mtu anayo kwenye buti, sawa inafukuza maji, leo gari litapona na fundi atachukua hela yake, ila ule utando wake haudumu, si kinga ya miezi. Pini ikiwa imeliwa imebaki nusu hapo hakuna cha kusugua, inabadilishwa, na waya unakatwa mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, unaungwa kwa kuyeyushia risasi ya kulehemu na kuvalishwa mrija ule unaosinyaa ukipashwa moto. Nikikuta mtu kaunga kwa kusokota na selotepu nitamtukana, samahani.

Alafu waangalie ile raba yenye mikunjo kati ya mlango na bodi, pale kwenye bawaba. Waya zote za mlango zinapita humo. Ikichomoka kwenye tundu lake au ikipasuka, maji yanashuka na waya moja kwa moja mpaka ndani ya soketi. Na humo humo waya huwa zinakatika kwa kukunjwa kila mlango ukifunguliwa, inakuwa imekatika ndani ganda liko zima, kwahiyo mtu mmoja abonyeze swichi mwingine autikise mlango, kioo kikianza kupanda mara kinaacha, tatizo liko kwenye hiyo raba na si swichi. Njia nyingine ya kuisafisha jina au kuihukumu hiyo masta swichi, wampe mota umeme wa betri moja kwa moja. Mota ikizunguka freshi, mota nzima, warudi kwenye waya na swichi.

Wakati wa kurudishia, waya usivutwe ukanyooka kuingia kwenye soketi. Uachwe ulegee ushuke chini kidogo alafu ndo upande kuingia, maji yakitembea na waya yatadondokea pale chini yalipo mlegeo, hayatapanda. Na soketi ikiwezekana mdomo uangalie chini. Hiki ni kitu cha bure kabisa na hakuna anayekifanya.

Nailoni ukikuta ipo lakini imebanduka ni raha, ile gundi nyeusi haifi, ipashe na draya, ndio draya yako ya nywele, italainika na kunata upya. Ukikuta haipo nenda hadwea ununue nailoni nene ile wanayotandika chini ya sakafu wakati wa kumwaga zege, mita mbili itakutosha na chenji, ukate kwa kufuata umbo la mlango, na uulizie tepu ya butili, ile nene inayonata kama gundi nyeusi, kwa mafundi vioo. Na hapa nisikilize vizuri, ukingo wa chini wa nailoni haubandikwi juu ya bati tu ukaishia hapo, unachomekwa ndani ya mlango, kama unavyochomeka chandarua chini ya godoro, ili maji yakitiririka juu yake yarudi tumboni mwa mlango. Ukibandikwa nje maji yote yatashukia kwenye kapeti na utasema nimekudanganya.

Msijaribu ile silikoni ya kuzibia inayonuka siki kwenye waya au soketi. Ile harufu ni asidi, inatoka inapokauka, inaila shaba. Na asije mtu akakujazia sponji la godoro nyuma ya spika eti mziki utulie, sponji linanyonya maji linakaa nayo, spika inaoza na bati linaoza. Spika kama ni ya karatasi ikatiwe kikofia kwa juu, hata cha dumu la maji, mradi chini kuwe wazi.

Wale vijana wa kuosha gari nao uwakanye, presha wasiielekeze kwenye raba ya kioo kutokea chini kwenda juu, na wasifungue mlango wakapiga maji kwenye swichi. Na hiyo raba ya kioo ikiwa imekauka na kupasukapasuka kwa jua ibadilishe tu, haizuii yote lakini inapunguza sana.

Kitu cha mwisho mkisharudisha betri, msiogope kioo kikikataa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja au taa ya swichi ikawa inapepesa. Magari mengi yanasahau, unashusha kioo mpaka chini, unapandisha mpaka juu alafu unaendelea kushikilia swichi sekunde chache, kinakumbuka. Nimeona mtu ananunua swichi nyingine kwa hilo tu.

Jumamosi nitavuka na pantoni asubuhi nikiwa na mita ya kupimia umeme, spreyi na grisi, wewe tafuta nailoni na tepu, draya usiifiche. Ila kama mkifungua kabla sijafika nitumie picha ya ile soketi ya swichi kabla hamjapuliza chochote, nataka kuona pini gani ndo imeliwa. Na chipsi mayai yangu iwe na kachumbari.

Nisalimie Nasra na shemeji.

Shoga yako wa gereji